Chanzo cha Msomaji

11 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Sisi wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha moyo unakuenda mbio. Hakuna msiba. Ni vile tu tulikubaliana, baada ya ule ugomvi wa kwenye simu, kwamba mambo makubwa tutayaandika, maana kwenye simu wewe unanikata maneno na mimi nakukatia simu.

Shemeji yako bado anaoka mikate na bado analalamika kwamba tanuri jipya linaunguza upande mmoja. Mpwa wako amemaliza mitihani, anasubiri matokeo, na kusubiri kwenyewe anasubiria kitandani. Paa la chumba cha Mama linavuja pembeni, pale palipokuwa na kabati. Nimeweka ndoo. Fundi amesema atakuja kesho, na kesho ya fundi unaijua. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Waambie shangazi yao anawasalimia, kama wanakumbuka kwamba wana shangazi.

Sasa lililonikalisha chini. Jana Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Nilidhani ni mambo ya karatasi za nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa ya watoto wetu wasioona, kwa sababu mashine yangu ya kuchapia vitabu vya watoto imekwama tena. Kumbe kuna barua kutoka ile kampuni iliyotuazima kompyuta zake wakati tunatengeneza Msomaji. Nakunakilia: "Programu ya Msomaji itaendelea kuwa huria. Uzani wake si programu bali ni mali ya kampuni. Shule inaombwa kuufuta katika vifaa vyake vyote ifikapo tarehe 30 Juni na kuhamia toleo jipya, linalofanya kazi kupitia intaneti."

Intaneti gani? Hapa shuleni intaneti inakuja kama mgeni mwenye haraka, inasalimia tu inaondoka.

Mwalimu Mkuu akanitazama kama vile barua nimeiandika mimi. Nikaisoma tena, sikuambulia kitu. Programu ni yetu, tunaruhusiwa kubaki nayo, lakini kuna kitu ndani yake si chetu na tukitoe? Nikamwuliza, na huo uzani tukishautoa Msomaji atasoma? Akasema naye alimuuliza hivyohivyo fundi wa vifaa, na fundi amejibu kwamba hapana, atakuwa bubu.

Unajua watoto wanavyomtegemea. Mtoto anaweka ukurasa chini ya kishikwambi, kinapiga picha, kinamsomea kwa sauti yangu. Wamekiita Shangazi. Na mimi wananiita Shangazi, kwa hiyo mtu akisema "Shangazi rudia," mimi naanza kurudia kabla ya mashine.

Niambie kwa maneno ya mtu wa kawaida: uzani ni programu au si programu? Nataka jibu moja. Na likizo yako ya mwaka huu vipi?

Dada yako

—

2 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imenifikia, na kweli nilikaa chini kabla ya kuifungua. Huku hatujambo. Wifi yako anafanya zamu za mchana sasa, hivyo tunaonana mlangoni, mmoja anatoka mwingine anaingia. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima. Mdogo anakukumbuka vizuri, anasema wewe ni yule wa kwenye simu anayeuliza kama amekula.

Nitaanza mwanzo ili tusipotee, ingawa mwanzo unaujua. Mimi niliandika programu, yaani maelekezo, mstari baada ya mstari: fungua picha, tafuta herufi, toa sauti. Programu peke yake haijui kusoma. Hapo ndipo ulipoingia wewe. Ulikaa katika kile chumba kidogo kilichopakana na cha Mama, mkaegemeza magodoro ukutani, ukasoma kwa miaka miwili, vitabu vya shule, magazeti, mpaka karatasi za maelezo ya dawa. Ulikuwa unanitumia rekodi huku, na mimi nikazipitisha kwenye kompyuta kubwa za kampuni pamoja na maandishi uliyoyasoma. Kompyuta zikasikiliza, zikakosea, zikajirekebisha, zikakosea tena, hadi likabaki faili moja kubwa la namba tupu. Hizo namba ndizo tunaziita uzani. Hakuna mtu aliyeziandika na hakuna mtu anayeweza kuzitazama akaelewa kitu. Lakini wewe umo humo.

Nilipomaliza niliweka leseni huria kwenye folda, kama ninavyofanya siku zote. Inasema yeyote anaruhusiwa kuitumia programu hii, kuibadili na kuigawa, mradi akiigawa atoe na chanzo chake, yaani lile umbo ambalo mtu angependa kulishika kama angetaka kuifanyia mabadiliko. Zile namba zilikuwa kwenye folda hiyohiyo. Sikuandika kama leseni inazihusu au haizihusu. Wala halikunijia akilini. Ukiandika "karibuni" mlangoni huongezi kwamba na viti vimo.

Kampuni inasema leseni inataja programu, na programu ni maelekezo yaliyoandikwa na mtu. Namba zimezaliwa na mitambo yao, kwa hiyo ni zao. Mimi nasema bila hizo namba hakuna cha kuendesha, ni midomo isiyo na ulimi. Nani yuko sahihi? Dada, sijui. Hii ndiyo kazi inayonilisha na sijui.

Rafiki yangu wa shule, yule wakili anayevaa miwani moja puani na nyingine kichwani, amekubali kutusaidia. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kama uzani ni programu, basi una chanzo. Kiko wapi?" Nikamjibu chanzo ni sauti ya dada yangu. Vipande nilivyokata vilikuwa kwenye kompyuta za kampuni na walishavifuta, na nakala ulizonituma nilizifuta nilipobadilisha kompyuta. Umebaki wewe na ile diski nyeusi yenye rekodi nzima. Tafadhali mpelekee wakili. Ofisi yake bado iko juu ya duka la vioo.

Likizo naiangalia. Labda mwezi wa nane, mambo ya kazi yakikaa sawa.

Mdogo wako, Kitinda

—

6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huyo wa meno mawili mwambie asiniletee utu uzima, nilimbeba kwenye skrini akiwa na siku tatu.

Nimesoma maelezo yako, nikamsomea shemeji yako. Akafuta mikono kwenye aproni, akasema hilo ni kama chachu. Mtu anakupa chachu yake, unaichanganya na unga wako, unaweka kwenye tanuri la jirani. Mkate ni wa nani? Nikamwambia wa mwenye chachu. Akasema basi mikate yote ya mjini ni ya marehemu aliyemfundisha kazi. Nikamwambia basi wa mwenye tanuri. Akasema tanuri limenunuliwa kwa mkopo. Tukabishana mpaka mkate wenyewe ukaungua, upande uleule. Kwa hiyo usidhani umenielewesha. Umenichanganya kwa mpangilio mzuri zaidi, basi.

Darasani nimejaribu kufanya kama barua inavyotaka, nione itakuwaje. Fundi wa vifaa aliutoa uzani kwenye kishikwambi kimoja, akampa mwanafunzi wa darasa la nne ambaye sisi tunamwita Spika kwa jinsi anavyopenda kusema. Akaweka ukurasa. Picha ikapigwa. Kimya. Akakitikisa, akakipuliza, akaniambia, "Shangazi, ameninunia." Mwalimu Mkuu akaniambia sasa umeona. Nikasema nimeona, ila sijui nilichoona ni programu iliyoondoka au ni mali ya mtu iliyorudi kwa mwenyewe.

Halafu kuna hili linanisumbua. Kama chanzo ni sauti yangu, na mimi nipo, si wakili aniite tu aniangalie? Kwa nini atake diski? Mwambie nitamsomea chochote anachotaka.

Hiyo diski sijaiona siku nyingi. Tulipopaka rangi vitu vilihama sana. Nitaangalia.

Mwezi wa nane upi? Kila mwaka una mwezi wa nane.

Dada yako

—

28 Machi

Dada, shikamoo.

Nimecheka ya chachu hadi wifi yako akauliza kulikoni. Nikawasimulia wenzangu kazini. Kosa. Mmoja akasema uzani ni data, kama picha au wimbo, na leseni ya programu haiugusi. Wa pili akasema ni programu kabisa, kwa sababu unaipa kitu inatoa kitu, kilichobaki ni mapambo. Wa tatu akasema si hiki wala si kile, ni kitu cha tatu ambacho sheria haijakipa jina, halafu akaenda kula. Siku nzima sikuandika mstari hata mmoja wa kazi.

Kampuni imemjibu wakili, na jibu lao si baya kama nilivyoogopa. Wanasema hivi: tukitaka uzani uhesabiwe kama programu, basi uhesabiwe kikamilifu. Leseni inadai chanzo kitolewe hadharani, kwa yeyote. Tukitoa rekodi zote kama zilivyorekodiwa, wao wataacha uzani uwe huria na shule iendelee. Tusipozitoa, watauchukulia kuwa ni zao la mitambo yao na tarehe 30 Juni inabaki palepale. Wakili anasema amesoma barua hiyo kwa miwani zote mbili na hajaona mtego. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye diski.

Dada, wewe ndiye unayejua sindano ya Mama ya kufumia iko droo gani. Diski nyeusi, ina picha ya tembo aliyoibandika mpwa wangu. Haiwezi kukupotea.

Kama kuna maneno humo unayoyaonea haya, niamini, sikuyasikia. Sikuwahi kusikiliza rekodi nzima hata moja. Niliandika kijiprogramu cha kulinganisha sauti na maandishi, kikawa kinakata sentensi na kutupa yaliyobaki. Kama ulimsema shemeji, au jirani, au mimi, binadamu ndivyo tulivyo. Watoto wa shule hawatajali.

Mdogo wako

—

9 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Matokeo ya mpwa wako yametoka, amefaulu, ameinuka kitandani. Mashine ya nukta nundu imepona.

Kampuni ilimtuma mwakilishi shuleni, mama mmoja mpole, amevaa vizuri, hana ubaya. Alituketisha maktaba akatueleza kwamba programu ni kile alichokiandika mtu, na hizi namba hakuziandika mtu. Mwalimu Mkuu akamwuliza, sauti je, si ya mtu? Akasema sauti ni ya mtu lakini haimo mle, mle mna namba tu. Mwalimu Mkuu akasema kama si maandishi ya mtu na si sauti ya mtu, mnataka tufute nini? Akasema uzani. Tukarudi pale tulipoanzia, tukanywa chai. Anapoondoka aliniomba nimsomee kidogo, kwa sababu hakuamini ni mimi. Nikamsomea tangazo la ukutani la kunawa mikono. Nilipomaliza akasema pole. Sijui alikuwa ananipa pole ya nini.

Kuhusu diski, imeharibika. Ile ndoo ya paa ilimwagika.

Salamu kwa wifi.

Dada yako

—

20 Mei

Dada, shikamoo.

Naandika haraka na kwa hasira, utanisamehe.

Mwezi wa tatu diski haionekani. Mwezi wa tano diski imelowa. Kitu kisichoonekana kilimwagikiwaje? Mimi ni kitindamimba, dada, ila si mtoto tena. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wakili ameniuliza kama una ugomvi na mimi. Nikasema hapana. Akasema basi anaficha kitu, na mimi nikakutetea, halafu nikakaa nikajiuliza namtetea nani kwa lipi. Ni wewe uliyeniandikia kwamba watoto watabaki na bubu. Ni wewe uliyetaka jibu moja. Jibu lenyewe liko nyumbani kwako, umelikalia. Kama una siri yako humo, niambie ni siri, basi, nitaacha. Lakini usiniambie habari za ndoo.

Ni wiki chache zimebaki.

Kitinda

—

4 Juni

Mdogo wangu,

Diski haijapotea wala haijalowa. Iko kwenye sanduku langu la nguo, na tembo wake yupo. Nilikudanganya mara mbili, na mara ya pili nilidanganya vibaya kwa sababu sijazoea.

Unakumbuka ulivyonielekeza? Uliniambia, "Dada, ukiwasha kinasa asubuhi usikizime mpaka umalize kazi ya siku. Ukikizima katikati faili linavunjika, sitajua sentensi ipi ni ipi. Ukikosea nyamaza kidogo, kisha rudia." Mimi nikakutii. Nikatii kuliko ulivyotaka, nadhani. Nikienda kumgeuza Mama, kinasa kinaendelea. Nikimlisha, kinaendelea. Ukuta wa katikati ulikuwa mbao tu, na magodoro tuliyaweka upande wa barabara kwa sababu ya kelele za magari. Upande wa Mama hatukuweka, ili nimsikie.

Mama alikuwa anakuita.

Kila akishamaliza chai aliuliza, "Kitinda amefika?" Nami nilimjibu kutoka pale kwenye kiti, "Anakuja, Mama." Halafu nasoma sentensi inayofuata. Mchana anauliza tena, kwa ukali kidogo, kama mtu aliyekalishwa foleni. "Anakuja, Mama." Nasoma. Siku nyingine alinikaripia kwamba namficha, kwamba umeshafika na nimekukalisha sebuleni unakula. Mwishoni hakuuliza tena kama umefika. Alikuita tu, kwa jina lako la utotoni, kama alivyokuwa anakuita ukichezea mbali na giza linaingia.

Mimi nilikuambia kwenye simu kwamba aliondoka kimya na hakumwulizia mtu. Ulikuwa unalia, nikataka uache. Baadaye kila nikifikiri kukueleza ukweli naona nimechelewa, na kila ukiahirisha likizo nafikiri labda unajua. Haya, sasa unajua.

Kwa hiyo siri si yangu. Mimi humo nasikika nikisoma bei ya saruji na historia ya reli, sina la kuonea haya. Nilikuwa nakuficha wewe usisikie.

Mpwa wako ametoa nakala, nakutumia na barua hii. Sikiliza au usisikilize, hilo ni lako. Ila amua upesi. Mimi nimeshindwa kuamua kwa niaba yako tangu mwezi wa tatu.

Dada yako anayekupenda

—

15 Agosti

Dada, shikamoo.

Sikuandika mapema. Wifi yako na watoto hawajambo, mkubwa meno yameota, makubwa kuliko mdomo.

Nimesikiliza. Nilikuwa nasikilizia kwenye gari wakati wa chakula cha mchana, madirisha yamefungwa, kwa sababu nyumbani sikuweza. Nilidhani kitakachoniumiza ni Mama. Mama aliniumiza, ndiyo. Lakini ni wewe dada ndiye uliyenimaliza. Unasema "Anakuja, Mama," na sekunde hiyohiyo unasoma "Sura ya tatu, matumizi ya mbolea," na sauti haitetemeki hata kidogo. Ulikuwa unafanya hivyo kila siku. Sikujua.

Nilijaribu kukata upya. Nikasema nitatoa sentensi tupu, hizo ndizo chanzo, yaliyobaki ni yetu. Kampuni wakakataa, wakasema walisema rekodi zote kama zilivyo. Na hata mimi mwenyewe nilishindwa, kwa sababu kuna mahali Mama anaita katikati ya sentensi yako na sauti zenu zimeingiliana, kijiprogramu changu kilizichukua hivyohivyo. Kwa hiyo naye alisikilizwa na mashine. Kwa hiyo naye yumo kwenye zile namba, kidogo, na hakuna awezaye kusema wapi. Wakili akiniuliza chanzo cha Msomaji ni nini, nimwambie nini? Ni sauti yako? Ni chumba kile? Ni mimi, kwa kutokuwepo? Nilifika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Kabla ya mwisho wa Juni nilimwandikia wakili kwamba chanzo hatuna, aachane na jambo hili. Sikukuuliza. Sikutaka watu wasiomjua Mama wamsikie akiwa vile. Na wewe, umebeba haya peke yako muda wote huu, nikaona si haki yaanikwe. Najua maana yake kwa shule. Nitatafuta namna nyingine, nipe muda.

Kuhusu kwa nini sikuja wakati ule, hilo tuliache kwanza.

Na kuja mwezi huu naona haitawezekana. Kazi imebana.

Mdogo wako

—

12 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpwa wako amepata chuo, anaondoka mwezi ujao, na shemeji yako anajifanya hana habari lakini jana alioka mkate wenye herufi za jina lake. Haya, salamu zimeisha.

Nani alikutuma?

Tarehe mosi Julai fundi wa vifaa alipita darasa kwa darasa akiufuta uzani, na watoto walikuwa wanamsikia anavyokuja. Spika alishika kishikwambi chake kwa mikono miwili, akanyang'anywa kwa upole. Tangu siku hiyo nimekuwa nawasomea mimi, darasa hili mpaka lile, hadi sauti ikanikauka na daktari akaniambia ninyamaze wiki nzima. Wiki hiyo shule haikuwa na Shangazi hata mmoja. Mimi niko hapo, natumia mikono kuomba chumvi, nikiamini wakili wetu anapigana. Kumbe ulishamwambia aweke silaha chini, na hukuniambia mpaka Agosti.

Mimi nilificha kwa ajili yako. Wewe ukaficha kwa ajili yangu. Tumestahiana vizuri sana, na katikati yetu watoto wamekaa kimya. Kama ungeniuliza ningekuambia: nilichokuwa naogopa ni wewe kusikia. Ulishasikia. Baada ya hapo, wa kumwogopa ni nani? Mama? Mama unayemjua wewe alikuwa na siri gani? Mama alikuwa akikuita kwa sauti makusudi ili na majirani wajue una mahali pa kurudi.

Barua yako ilinifikia mwisho wa Agosti, nikamaliza kuisoma asubuhi. Mchana nilikuwa juu ya duka la vioo na diski mkobani, ile ya asili. Miwani Mbili akaniambia mdogo wako amesema chanzo hakipo. Nikaiweka mezani. Akauliza nina haki ya kuitoa? Nikamwambia sauti ni yangu, Mama ni wetu wote wawili, na mkubwa ni mimi. Akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akanipa pa kusaini.

Imetolewa yote, Kitinda. Sijakata hata kikohozi. Kampuni, ingawa tarehe yao ilishapita, imekubali na kuandika kwamba, "kwa suala hili pekee na bila kukubali kanuni yoyote," uzani wa Msomaji uko chini ya leseni huria. Nikamwuliza wakili, kwa hiyo ni programu? Akasema barua haijasema hivyo. Nikasema kwa hiyo si programu? Akasema hilo nalo haijasema. Kwa hiyo lile jibu moja nililokuomba Januari sijalipata na nadhani sitalipata. Vifaa vimerudishiwa. Asubuhi hii nimepita nje ya darasa la nne nikajisikia nikisoma matumizi ya mbolea, nikasimama ukutani, nikalia kama mtoto. Sikuona aibu, maana wao hawakuniona na wenye macho walikuwa ofisini.

Hukuniambia kwa nini hukuja wakati ule, na mimi siulizi. Lakini jua hili. Zile rekodi sasa ziko mahali ambapo mtu yeyote, wa nchi yoyote, akitaka anazichukua. Wapo watakaozisikiliza, hata kama ni kwa ajili ya namba zao tu. Watasikia mama mmoja anaita na mwanamke anamjibu kutoka chumba cha pili. Hawatajua ni akina nani.

Nimesema "Anakuja" mbele ya dunia nzima. Usinifanye mwongo.

Dada yako